Afadhali Banite Mulevi

Area 23, Lilongwe
3 Novemba 2013

Yaya Mathilde, dada yangu mukubwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na kama karatasi hii imekufikia basi Générose hakuisahau chini ya vitenge vyake vya kuuza kama ile ya mwezi wa nane. Sisi huku tuko. Douce anakusalimia, anasema ile robe uliyomushonea kwa kumupima na macho tu imemukaa vizuri. Batoto banaanza kunijibu Chichewa hata nikibasemesha Kiswahili. Juzi mudogo alinishukuru kwa chai, "zikomo", nikamuuliza Douce alimuokota wapi huyu mutoto wetu.

Mikate inaenda. Asubuhi tunachoma, saa mbili niko nayo soko la Area 36, bamama banaipenda juu inakaa laini mpaka kesho yake.

Na we, mushono wako unaendeleaje? Mvua ikikaribia inakuuma bado? Wangu umetulia. Figo yako inafanya kazi kuliko mwenye nayo, kila saa inanipeleka chooni kama mutoto, na kila nikienda huko ninakutaja.

Kuko jambo dogo tu. Unakumbuka ile Bactrim, ile ya kuzuia magonjwa yasiingie kwa vile mwili wangu bameulegeza na dawa zingine ili usiikatae figo? Ilinitoa mapele mwili mzima. Daktari akaibadilisha, akanipa ingine ya kazi ileile. Shemasi Lwaboshi njo alinitafsiria kama kawaida, unajua Chichewa yangu ni ya sokoni na Kingereza sina. Basi, hakuna cha zaidi.

Simu usinipigie sana. Mtandao wa huku ni mubaya, na hiyo simu ya jirani unayotumia, mwenyewe anasikiliza kuliko we. Barua ni nzuri, muntu anafikiri mbele ya kusema. Na usijisumbue kuja huku. Noël, sikukuu ya kuzaliwa Bwana, tutakuja sisi.

Mudogo wako,
Narcisse


Dzaleka
1 Desemba 2013

Mudogo wangu Narcisse,

Neema iwe kwako, kwa Douce na kwa hao Bamalawi wako wawili. Hapa tumeamka. Niko na uniformes za shule na nguo za Noël mpaka zimefunika kitanda, mashine inalia muchana kutwa. Mushono unaniuma nikiinama, nikikaa wima unaniacha. Usiniulize kila barua, haujaniibia kitu, nilikupa.

Sasa nisikilize. Nimekupigia simu, haushiki. Juzi ulishika, ukasema "Yaya" halafu kimya, halafu ukakata. Mtandao haukati muntu vile. Wa huku tunajua mtandao.

Générose alirudi kutoka Lilongwe Jumatano. Nilimuuliza habari zako akaanza kunikunjulia vitenge, vitenge tu, mpaka nikamushika mukono. Njo akasema. Anasema midomo yako imekuwa myeusi, inaenda kwenye bluu, na kucha pia. Anasema soko la Area 36 ni Douce anauza mikate, we unakaa nyumbani, na ukisimama unashika ukuta. Anasema kule kanisani kwenu bamekutoa kwenye korali, hauimbi tena, na banasema waziwazi kwamba ni pombe, ni kachasu.

Narcisse, mi nimezaliwa nyumba moja na we. Midomo ya namna ile niliiona kwa baba yetu kule Bukavu, na mwisho wake ulikuwa ukuta vilevile. We mwenyewe ulianza kumufuata ukiwa kijana. Lakini kule Inde, kwa Bahindi, mwezi wa tatu, mbele ya banipeleke kukatwa, ulinishika mukono ukaapa kwamba chupa hautaigusa tena mpaka kufa. Sikukuomba uape. Uliapa mwenyewe.

Unajua nilivyosimama mbele ya kanisa hapa, mujane kama mi, nikasema Mungu ananiomba figo yangu moja kwa ajili ya mudogo wangu. Famili ya marehemu bwana yangu ilinicheka. Sasa leo kanisani baliponiangalia nilitazama miguu yangu ibada nzima. Mi sina pa kuficha uso hapa, Dzaleka ni kambi ndogo.

Niambie ni uongo. Andika tu neno hilo, nitaliamini.

Yaya wako,
Mathilde


Area 23
20 Desemba 2013

Yaya,

Salamu. Batoto bako wazima, Douce pia.

Njo, nakunywa. Walichosema ni kweli. Ni kachasu, kidogo jioni. Nimejaribu kuacha. Naona haya kukuandikia, kwa hiyo sitaandika mingi.

Noël hatutakuja. Wambie bantu kwamba kazi imekuwa nyingi. Nisamehe kama unaweza, na kama hauwezi pia nitaelewa.

Narcisse


Dzaleka
12 Januari 2014

Narcisse,

Mwaka mupya umefika kwetu na umetukuta tuko hai, Mungu ashukuriwe. Zile uniformes nilimaliza. Hiyo njo habari ya hapa.

Barua yako niliisoma nikiwa na sahani ya nsima mbele yangu, ugali huo sikuumaliza. Nililia. Halafu nilikasirika mpaka nikatamani kuja kukudai kitu changu unirudishie, ndiyo, nilifikiri hivyo, na wewe ujue kwamba nilifikiri hivyo. Siku ya Noël balipoomba tuombee famili zetu, jina lako sikulitaja. Dada mmoja akalitaja yeye, kwa sauti, "tumuombee na Narcisse wa kule Lilongwe afunguliwe". Nikasema amina pamoja nao. Ardhi ingepasuka ningeshuka.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka Pasaka. Lakini Générose ametoka tena huko wiki hii, na mara hii mi njo nilimutuma. Alikaa na we kutwa nzima, sivyo? Ulifikiri anangojea mikate. Nilimwambia akae karibu na pua yake aitumie.

Anasema unanuka sabuni.

Mulevi ananuka, Narcisse. Anatoka jasho lenye harufu, nguo zake, shuka zake. Baba tulijua kwa harufu kwamba amefika njia panda, mbele ya aingie kwenye parcelle ya nyumbani. Générose anasema kutoka mlangoni kwenda choo unapumzika njiani, unakaa chini unatafuta pumzi. Anasema unazungumza maneno mawili unasimama. Na Douce alimwambia jikoni kwamba mkojo wako umekuwa kama Coca, na macho yako nyeupe yake imegeuka manjano. Kachasu haifanyi hivyo kwa muntu anayekunywa kidogo jioni.

Sasa nimeelewa mbona simu inakatika. Hauna pumzi ya kuniambia hata salamu.

Kwa hiyo ulinidanganya. Sijui ni nani anajipakaza ulevi ambao hana, na mbele ya yaya yake. Kuko kitu ambacho kwako ni kibaya kuliko ulevi, na mi nimekaa siku tatu nikiuliza ni nini. Nimepata kimoja tu, na kinaniondolea usingizi: ni figo yangu. Ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Inakuchafulia damu, na we unaona haya kuniambia kwamba nilikupa kitu kibovu.

Kama ni hiyo, sema. Générose anakuletea hii na atangojea jibu, usimurudishe mikono mitupu.

Mathilde


Area 23
19 Januari 2014

Yaya wangu,

Hapana. Hapana, si figo yako. Usirudie kufikiri hivyo. Nimeandika mstari huu wa kwanza haraka ili usingoje, sasa nitakaa niandike mengine polepole, juu nikiinama sana kichwa kinazunguka.

Figo yako ni nzima. Ni ile dawa niliyokuambia, ile iliyochukua nafasi ya Bactrim. Inaitwa dapsone. Mwezi wa kumi hospitali haikuwa nayo, bakaniandikia karatasi niende kuinunua. Nikaenda Kawale, kwenye duka la dawa karibu na soko, Lwaboshi hakuwa na mi siku ile. Ilikuwa imejaa bantu. Yule muuzaji akasoma karatasi, akainua kichwa akauliza kwa sauti: "Ndani akudwala khate?" We unajua kwao "ndani" ni "nani", hilo nilisikia. "Kudwala" pia nilisikia, ni kuugua. Khate sikuijua. Nikafikiri ni jina la ile shida yangu ya figo, ananiuliza dawa ni ya nani. Nikacheka vizuri kabisa, nikainua mukono kama mwanafunzi, nikasema "Ine." Mimi.

Yaya, bantu balirudi nyuma. Mama aliyekuwa ameniegemea juu ya msongamano akavuta mutoto wake. Muuzaji aliweka dawa mezani, akaisukuma na peni yake. Nikasema zikomo, nikatoka nikiwa bado nacheka, bila kujua.

Kesho yake nikamuuliza mama mmoja anayenunua mikate, khate ni nini. Alikunja vidole vyake vya mukono hivi, akanionyesha, halafu akagusa pua. Ukoma. Njo dawa ya bakoma ninakunywa kila asubuhi. Yule mama akaniuliza mbona ninauliza. Nikasema nilisikia tu njiani. Alichukua mikate yake, lakini aliiangalia mikono yangu, na tangu siku hiyo mi sikushika mikate tena mbele ya bantu.

Muntu anayekanda unga, Yaya. Neno hilo likiingia soko la Area 36, nani atakula mukate wangu? Nani atacheza na batoto?

Nilijikagua mwili mzima. Nilijichoma na sindano ya Douce kwenye miguu kuona kama nasikia. Nasikia. Lakini nikawaza, labda kule Inde baliona kitu kwenye damu bakanificha, labda daktari anajua na Lwaboshi anajua. Mwisho wa Novemba nikaenda kwa kipimo, infirmière, yule muuguzi, akanivuta damu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa rangi ya chokoleti. Lwaboshi alichungulia akasema, "Ndugu, hii ni damu ya namna gani?" Infirmière akaanza kuuliza ni dawa gani ninakunywa, na nikaona sasa hivi Lwaboshi atalitafsiri lile neno kwa Kiswahili, na Jumapili litakuwa kwenye matangazo. Nikasema naenda kukojoa. Nilichukua koti yangu nikatoka na mlango wa nyuma. Sijarudi. Dawa zingine Douce anakwenda kunichukulia, namutuma aseme kwamba bosi wa unga ananihitaji.

Midomo ilipoanza kugeuka, bantu benyewe bakasema kachasu. Sikusema mi. Balisema, nikaona ni njia. Mulevi banamucheka, banamuombea, halafu iko siku banamukaribisha tena mezani. Kwa mukoma hiyo siku haiko. Nikasema afadhali banite mulevi.

Utaniuliza mbona nisiitupe hiyo dawa. Nilitaka. Lakini daktari alisema wazi, bila kinga hiyo ugonjwa wa mapafu unaweza kuingia, na ukiingia figo inaweza kwenda. Ningekuambiaje, kwamba figo yako imekufa juu mi niliona haya ya kidonge? Kwa hiyo kila asubuhi nakimeza, na kila asubuhi pumzi inapungua. Sasa nikivaa viatu ninapumzika kwa kila kimoja.

Hii barua usiiache kwenye mashine ya kushona. Na usikuje. Nakuomba, usikuje.

Narcisse


Area 23
16 Februari 2014

Yaya Mathilde,

Amani iwe kwenye nyumba yako, na kwenye miguu yako iliyokuja bila kusikiliza. Douce anakusalimu sana. Batoto banauliza mama mukubwa anarudi lini, banasema wewe Chichewa yako ni nzuri kuliko ya papa yao.

Ni wiki sasa tangu banitoe hospitali. Nimetembea mpaka kwenye barabara ya baiskeli za kabaza na kurudi, bila kukaa chini. Midomo yangu Douce anaiangalia kila asubuhi kama anachagua nyanya sokoni. Imekuwa ya muntu tena. Ningeweza kukupigia simu sasa, pumzi iko. Lakini kuko mambo matatu ambayo kwa simu sitaweza.

La kwanza. Siku ile nilikuwa na ile hewa ya mpira puani na damu ya bantu bengine inaingia mukononi, na we ulizungumza na daktari muda murefu kwa Chichewa. Nilisikia sauti yako tu. Ulilisema lile neno, khate, mara nyingi na kwa nguvu, mpaka yule wa kitanda cha pili akageuka. Daktari alisema nini? Uliniambia "uko sawa, lala". Nataka yote.

La pili, Lwaboshi alikuja jana na kuku. Amefurahi sana. Anasema kanisa lote linajua nimelazwa juu ya kachasu na kwamba Mungu amenivua kutoka humo. Pasta amepanga Jumapili ya tarehe tisa Machi nisimame nitoe ushuhuda jinsi nilivyofunguliwa na pombe, halafu banirudishe kwenye korali. Yaya, alinikumbatia, alilia. Nikasema asante. Nikamukatia mukate.

Nifanye nini? Nikisimama pale nikamushukuru Mungu kwa pombe ambayo sikukunywa, ninamudanganya Mungu mbele ya bantu. Nikisema ukweli, Douce atauza mikate wapi.

Na la tatu. Siku ulipofika, mbele ya tuende hospitali, nilikunyooshea mukono kitandani. Haukuushika. Ulikuwa na kikapu, najua. Lakini ulikiweka chini kikapu, na bado haukuushika. Usijibu kama ni vigumu.

Narcisse


Dzaleka
2 Machi 2014

Mudogo wangu,

Nakusalimu, na Douce, na batoto. Hapa mvua inapiga, mahindi ya majirani yamesimama vizuri, mi ni mzima. Générose amesafiri Salima, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa minibus ambaye nilimushonea suruali. Itafika.

Daktari alisema hivi. Hauna ukoma na haujawahi kuwa nao. Ile dawa ni ya mambo mengi, bakoma banaikunywa, na bantu baliobadilishiwa figo na hawawezi Bactrim banaikunywa pia, juu inafunga mlango wa ule ugonjwa wa mapafu. Alicheka kidogo aliposikia habari ya Kawale, halafu akaniangalia akaacha kucheka. Anasema dawa hiyo ina tabia mbaya kwa damu ya bantu fulani. Inaivunja, njo mkojo ukawa vile na macho yakawa vile. Na ile inayobaki inaigeuza rangi, inakuwa iko mwilini lakini haibebi hewa, njo midomo ikawa bluu. Anasema iko damu ambayo muntu anazaliwa nayo, inatoka kwa mama, hiyo haipatani kabisa na dawa hii, na kipimo chake hakifanyiki hapa kwa urahisi. Lakini dalili zake banajua kuziangalia. Ndiyo maana banakuita kila mwezi bakuvute damu.

Aliniuliza, sasa mbona Desemba hakuja? Nilikuwa nimesema khate kwa sauti kubwa, nikafikiri haya imeniisha yote, kumbe ilikuwa imebaki. Nikasema ulikosa transport. Akatikisa kichwa akasema ni huzuni, juu Desemba ungefika bangeisimamisha mara moja. Na akasema kingine, ambacho sikukuambia ukiwa kitandani. Anasema mwaka tangu Inde ulikuwa unaelekea kutimia, na ile kinga kwa bantu bengi banaiacha karibu na wakati huo. Miezi ile ya mwisho ulikuwa unajiua na kidonge ambacho pengine haukukihitaji tena. Nililipokea hilo kwa niaba yako, nikasema zikomo dokotala.

Sasa mukono.

Barua yako ya Januari niliisoma nikiwa peke yangu. Nilipofika kwenye neno ukoma niliiweka chini. Nilienda nikanawa mikono, Narcisse, na sabuni ya kufulia, na karatasi ile ilikuwa imetoka kwako. Niliimalizia kuisoma ikiwa chini, naigeuza na mkasi. Uliandika wazi kwamba ulijichoma na sindano na unasikia. Nilisoma. Niliamini. Na bado kwenye minibus ya kuja huko nilikuwa najipanga nitakaa wapi, nitakunywa na kikombe gani. Ulipounyoosha ule mukono, niliona vidole vya yule mama wa mikate, hivyo ulivyonieleza. Kikapu nilikiweka chini, ndiyo. Nilijifanya natafuta kitu mfukoni.

Mi niliyelala juu ya meza kule Inde bakanipasua bakatoa nyama yangu bakaiweka ndani yako. Nyama yangu ilikuwa imelala humo kwa karibu mwaka, na nikaogopa ngozi iliyoifunika. Sitakutafutia maneno ya kuipunguza. Baliokusukumia dawa na peni kule Kawale hawakuwa na kitu ndani yako. Mi nilikuwa nacho.

Kwa hiyo mi si wa kukuambia simama useme ukweli. Ungekuwa na haki ya kunicheka. Najua pia ni nini utapoteza, na najua hapa Dzaleka nani ataacha kuniletea mwili wake niupime robe akisikia mudogo wangu anatajwa na neno hilo. Nimekaa nalo siku nyingi. Nimeona hivi tu: ukisema pombe tarehe tisa, utaisema kila mwaka, na siku muntu mwingine wa kanisa atakapopewa kidonge hicho atatoka na mlango wa nyuma kama we, na hatakuwa na yaya wa kuja bila kusikiliza.

Nitafika Jumamosi. Jumapili nitakaa kiti cha mbele. Ukisimama ukasema kachasu, nitanyamaza, sitakuaibisha, tutarudi nyumbani tukale. Lakini ukilitaja lile neno lingine, nitainuka nije pale mbele nikushike mukono wote wakiona. Najiapia hivyo; we kiapo chako ulikitunza, changu mi nakiogopa. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukiniona nimefika karibu yako na mikono yangu inatafuta mfuko, usinisamehe, usingoje. Nishike we, kwa nguvu.

Yaya wako,
Mathilde